Fundi Anajibu: Kompyuta ya Mwalimu Inayoamka Mwaka 2009

Barua za mwezi huu karibu zote zina kilio kimoja: tovuti niipendayo haifunguki. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, maana aliyeiandika alifanya jambo ambalo wasomaji wangu wengi hawalifanyi. Alinakili maneno aliyoyaona kwenye skrini, herufi kwa herufi. Mtu akiniandikia "inakataa" tu, sina pa kushika. Maneno yale ya kwenye skrini ndiyo yanayonionyesha nianzie wapi.

Fundi, salamu kutoka Koboko. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nyumbani tunasema Kinubi, lakini Kiswahili nilikipata kwa baba aliyekuwa askari, na hadi leo habari za dunia haziniingii vizuri mpaka nizisome kwa Kiswahili. Kila asubuhi baada ya chai nafungua tovuti moja ya habari kwenye kompyuta ya mezani aliyoniachia mwanangu. Ina Windows 7. Tangu mvua zianze umeme unakatika usiku, na asubuhi tovuti yangu haifunguki. Inatokea pembetatu nyekundu, na maandishi haya: NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Kijana wa jirani akija hubonyeza mahali fulani ikafunguka, lakini kesho yake ni yale yale. Ameniambia tovuti imeingiliwa na wezi. Sasa naogopa kuifungua, na asubuhi zangu zimekuwa ndefu. Je, ni kweli?
*Mwalimu mstaafu, Koboko*

Mwalimu, ondoa hofu. Tovuti yako haijaguswa na mwizi. Kesho asubuhi, kabla ya kufungua chochote, tazama pembe ya chini ya skrini, mkono wa kulia, pale penye saa. Ukibonyeza hapo utaona na mwaka. Naamini utakuta Januari ya 2009, au mwaka mwingine wa zamani ambao waliotengeneza mashine waliuweka kiwandani. Neno DATE katika maandishi uliyonitumia ni hilohilo: tarehe. Kivinjari, yaani ile programu unayofungulia tovuti, kinakuambia kwamba tarehe hazipatani, na kisichopatana na dunia ni saa ya kompyuta yako.

Nikueleze kwa nini saa inaweza kufunga mlango wa tovuti. Unapofungua ukurasa wenye anwani inayoanza na https, tovuti hutoa cheti kuthibitisha kwamba ndiyo yenyewe. Cheti hicho kina tarehe mbili, ya kuanza na ya kwisha, kama ile karatasi ya kuvukia ambayo watu wenu huonyesha pale Oraba wakienda Sudan Kusini. Sasa fikiria askari wa mpakani aliyelala akaamka akidhani ni mwaka 2009. Kila msafiri atakayemfikia ana karatasi inayosema imeanza kutumika miaka mingi mbele. Atawarudisha wote, na wote ni watu halali. Kivinjari chako ndiye askari huyo. Vyeti vyenyewe siku hizi vina maisha mafupi. Vingi hutolewa kwa siku 90 tu, na Septemba 2020 vivinjari vikubwa vilianza kukataa cheti kipya chenye muda wa zaidi ya siku 398. Kwa hiyo kompyuta iliyorudi nyuma hata miaka miwili haiwezi kukubali cheti chochote kinachotumika leo.

Umeniandikia kana kwamba ni tovuti moja inayokugomea. Nadhani ni kwa sababu hiyo ndiyo pekee unayoifungua. Siku saa ikiwa imerudi, jaribu nyingine yoyote, utaona pembetatu ileile.

Basi kwa nini saa inarudi umeme ukikatika? Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya duara, ya rangi ya fedha, kama sarafu. Kazi yake ni kuiweka saa hai wakati mashine haina umeme wa ukutani. Betri hiyo huishi miaka kadhaa, na ya kwako imemaliza safari. Umeme ukiwapo usiku kucha, saa inaendelea na wewe huoni kasoro. Umeme ukienda, saa inasahau kila kitu na kuanza upya na mwaka wa kiwandani.

Nenda kwa muuza saa au muuza vifaa vya redio hapo Koboko, umwambie akupe CR2032. Ukitaka kuhakikisha hajakosea, namba zenyewe zinajieleza: 20 ni upana wa milimita 20, na 32 ni unene wa milimita 3.2. Ni ya volti 3. Usikubali CR2025 ukiambiwa "ni ileile tu". Hiyo ni nyembamba zaidi na inaweza kucheza kwenye kitako chake.

Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Fungua ubavu wa kasha kwa bisibisi ya nyota. Utakutana na vumbi jekundu la kwetu. Lipulize kwa upole, usilifute kwa kitambaa kibichi. Kwenye madabodi, ule ubao mkubwa uliojaa vifaa, tafuta ile sarafu. Ubavuni mwake kuna ulimi mdogo wa chuma. Usukume ulimi huo nje kwa ukucha, na betri itajiinua yenyewe upande mmoja. Kabla ya kuitoa, tazama upande wenye alama ya kujumlisha na maandishi: huo ndio unaotazama juu, na mpya itakaa vivyo hivyo. Ingiza kwanza ukingo mmoja chini ya kishikio, halafu kandamiza ule mwingine mpaka usikie "ta".

Ukiwasha, huenda ikatokea skrini nyeusi yenye maandishi meupe ikikuomba ubonyeze F1. Usishtuke, inakuambia tu kwamba saa imepotea. Endelea, ikifika kwenye Windows bonyeza saa pale pembeni, weka tarehe ya leo na saa sahihi, kisha fungua tovuti yako. Usingoje kompyuta ijirekebishe kutoka kwenye intaneti. Windows 7 ya nyumbani ina desturi ya kuuliza saa mara moja kwa wiki, na ikikuta imepishana na ukweli kwa zaidi ya saa 15, haithubutu kujirekebisha yenyewe. Ukipishana nayo kwa miaka, itabaki hivyo hivyo hadi mkono wa mtu uiguse.

Na hapa niongeze neno kwa ajili ya wote mnaoishi karibu na mpaka. Simu ikidaka mnara wa Kongo au wa Sudan Kusini, inaweza kurudi nyuma saa nzima, kwa sababu mashariki ya Kongo wako saa moja nyuma yetu, na Sudan Kusini nao walirudisha saa zao Februari 2021. Nimepokea watu dukani wakidhani hiyo ndiyo inayofunga tovuti. Siyo. Saa moja itakuchelewesha kanisani au msikitini, lakini cheti cha miezi mitatu hakijali saa moja. Kinachovunja mambo ni miezi na miaka.

Sasa kuhusu kijana wa jirani. Najua anachofanya. Anafungua sehemu ya maelezo zaidi, kisha anabonyeza ile njia ya kuendelea licha ya onyo. Mwambie kwa upole aache. Kwa ukurasa wa habari madhara ni madogo, lakini mkono ukizoea kuruka onyo, utaliruka pia siku mtu atakapoweka ukurasa wa uongo wa benki au wa barua pepe yako, na siku hiyo onyo litakuwa la kweli. Pembetatu ile ni mlinzi anayefanya kazi bila mshahara. Ukimzoesha kupuuzwa, hutajua tena lini anapiga kelele kwa sababu ya maana.

Niseme jambo linaloniuma, ili fundi mwingine asilirudie. Katika miaka yangu ya mwanzo hapa Arua, mama mmoja aliniletea kompyuta yenye shida hii hii. Sikuitazama saa. Nikaamua ni virusi, nikafuta kila kitu na kuweka Windows upya. Ilifanya kazi kwa sababu wakati wa kuweka upya niliandika tarehe. Baada ya wiki akarudi, umeme ulikuwa umekatika, na pembetatu ilikuwa palepale. Lakini picha za mazishi ya mumewe zilikuwa kwenye ile mashine, na mimi ndiye niliyezifuta. Kazi ile ilihitaji betri tu. Tangu siku hiyo, kitu cha kwanza ninachotazama kwenye mashine ya mteja ni saa, kabla hata ya kumuuliza tatizo.

Mwisho, Mwalimu, ujue kwamba Windows 7 imezeeka. Kwa kivinjari cha Chrome, la mwisho kuikubali ni toleo la 109, na toleo la 110 lililotoka Februari 2023 liliiacha. Kwa Firefox, la mwisho ni 115. Siku tovuti yako itakapoanza kuonekana vipandevipande, vitufe havibonyezeki na picha hazikai mahali pake, ingawa saa ni sahihi, hapo tatizo litakuwa umri wa kivinjari. Mwombe mwanao afikirie kukuwekea mfumo mpya. Mashine yenyewe inaweza kuendelea kuishi.

Fundi, mimi nashona gomesi na nguo za kitenge hapa Kisenyi, Kampala. Kuna tovuti ya mitindo ambayo siwezi kufanya kazi bila kuitazama. Kila nikiifungua inaniuliza kama mimi ni roboti. Nachagua picha za mabasi na za taa za barabarani, inauliza tena, nachagua tena, halafu inaandika 403. Hata ukurasa wa benki yangu umeanza kunikatalia. Ajabu ni kwamba simu ya binti ninayemfundisha kushona inafungua vyote viwili, na tunatumia wifi moja. Simu yangu ndiyo mpya kuliko yake.
*Mshonaji, Kisenyi*

Dada, umeshafanya nusu ya kazi yangu. Wifi ni moja, tovuti ni moja, simu yake inafungua na yako haifungui. Basi mtandao hauna kosa na tovuti haina kosa. Tatizo liko ndani ya simu yako.

Tazama juu kabisa ya skrini, pale penye alama ya betri. Je, unaona alama ndogo ya ufunguo? Kama ipo, VPN yako inawaka. Najua ilivyofika hapo, kwa sababu nusu ya simu zinazopita mezani kwangu zinayo. Wengine waliiweka mwaka 2018, ilipokuja kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao ya kijamii. Wengine waliiweka Januari 2021, wakati wa uchaguzi, Facebook ilipofungwa, na mfanyabiashara ambaye wateja wake wako Facebook hakuona njia nyingine. Shida ni kwamba watu huiwasha na kuisahau, na inabaki ikiwaka miezi na miaka.

VPN ni programu inayopeleka mawasiliano yako yote kwanza kwenye seva, yaani kompyuta ya kupokezana, ya nchi nyingine. Wewe umekaa Kisenyi mbele ya cherehani, lakini tovuti ya mitindo inaona mtu wa Uholanzi au Singapore. Tena inaona watu maelfu wakitokea kwenye anwani hiyohiyo moja kwa wakati mmoja, kwa maana VPN za bure hubananisha wateja wake. Ndiyo maana inakudhania roboti, na ikichoka kuuliza inakupa 403, yaani mlango upo lakini wewe huruhusiwi. Benki nayo inaona mteja wake wa Kampala ghafla yuko Ulaya, na inafunga ili kulinda pesa zako. Imefanya vizuri.

Izime, ufunge kivinjari kabisa, ukifungue tena. Na nakuomba kwa moyo wote: kama utaendelea kuwa na VPN kwa shughuli zako, usiingie benki wala usifanye malipo ikiwa inawaka, hasa ya bure ambayo humjui mwenyewe. Mwenye seva ile amekaa katikati ya njia yako. Cheti kile nilichomweleza Mwalimu kinamzuia asisome nywila yako, lakini bado anaona unaelekea benki gani na saa ngapi. Na programu nyingine za bure huomba ruhusa za simu ambazo hazihusiani kabisa na kazi yake. Soma ruhusa hizo kabla ya kukubali.

Kama ufunguo haupo, jaribu kufungua tovuti hiyo katika hali fiche ya kivinjari, ile inayoitwa Incognito. Ikifunguka huko, ujue kuna vidakuzi vya zamani, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye simu, vinavyoivuruga. Vifute vya tovuti hiyo peke yake. Watu wengi hufuta kila kitu, halafu wanalia kwamba wametolewa kwenye barua pepe na hawakumbuki nywila.

Habari Fundi? Nasoma sekondari Mbarara na napenda sana mashairi ya Kiswahili. Kuna tovuti ndogo ya mashairi niliyokuwa nikiisoma kwenye simu niliyopewa na dada, Android 6. Sasa inaniambia muunganisho si salama. Saa na tarehe ni sahihi, nimehakikisha. Tovuti kubwa zinafunguka vizuri.
*Mwanafunzi, Mbarara*

Mwanangu, tovuti kubwa kufunguka na ndogo kukataa ni dalili ninayoijua. Tovuti nyingi ndogo hazinunui cheti. Huchukua cha bure kutoka Let's Encrypt, shirika lililoanza kuvitoa kwa umma mwaka 2015. Simu huamini cheti ikiwa tu jina la aliyekitoa limo kwenye orodha ya wanaoaminika, na orodha hiyo iliwekwa ndani ya simu ilipotengenezwa. Simu zenye Android ya chini ya 7.1.1 hazina jina la Let's Encrypt. Kwa miaka kadhaa shirika hilo lilidhaminiwa na jina la zamani lililokuwamo, lakini udhamini huo uliisha Septemba 2024. Tangu hapo simu yako inamwona mgeni asiye na mdhamini.

Dawa ipo, wala haihitaji simu mpya. Weka Firefox. Chrome ya zamani kwenye Android 6 inategemea orodha ya simu, lakini Firefox hubeba orodha yake yenyewe. Play Store itakupa toleo la mwisho linalokubali simu yako, na mashairi yako yatafunguka. Lakini simu hiyo haipati tena marekebisho ya usalama, basi isomee mashairi, na mambo ya pesa yafanyie kwenye simu nyingine.

Niko Mutukula, naendesha lori. WhatsApp inaingia vizuri, sauti na picha, lakini tovuti ya matokeo ya mpira haifunguki hata moja kwa mia. Intaneti ipo au haipo?
*Dereva, Mutukula*

Ndugu yangu, ipo, ila umenunua kipande. Angalia bando ulilonunua. Likiwa ni la WhatsApp au la mitandao ya kijamii peke yake, litapitisha hayo tu, na kivinjari kitabaki kinazunguka. Nunua MB za kawaida, hata kidogo, ujaribu tena.

Kama bando ni la kawaida, tazama jina la mtandao juu ya simu. Hapo Mutukula simu huvuka mpaka kabla ya lori. Ikiwa imeshika mnara wa Tanzania, bando lako la Uganda linaweza lisifanye kazi. Ingia kwenye mipangilio, uchague mtandao wako wewe mwenyewe badala ya kuiachia simu ichague. Na kama yote hayo ni sawa na skrini inaandika DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN, soma upya anwani uliyoiandika. Maana yake ni kwamba jina hilo halikupatikana kabisa, na mara nyingi ni herufi moja iliyoruka kidole kilipokuwa na haraka ya kujua matokeo.